Mtoto Asiyeujua Msitu Hawezi Kuulinda

Walimu wengi wanaufahamu utaratibu huu, kwani wao wenyewe waliupitia walipokuwa wanafunzi. Mtoto wa shule ya msingi hutumwa kichakani kwa shughuli tatu: kukata fimbo, kukata majani ya kufagilia uwanja na kuokota kuni za jiko la shule. Akimaliza hurudi darasani, akaketi mbele ya ubao na kunakili kwamba mmea una mizizi, shina na majani. Kichaka alichotoka muda mfupi uliopita hakitajwi tena. Somo la sayansi huanza pale msitu unapoishia.

Upungufu huo hauonekani katika matokeo ya mitihani, wala hauandikwi katika taarifa za wakaguzi wa shule. Hata hivyo, ni upungufu mkubwa. Taifa ambalo limetenga sehemu kubwa ya ardhi yake kuwa hifadhi za wanyama na misitu linalea watoto ambao wengi wao hawajapata kukaa hata saa moja msituni kwa ajili ya kutazama, kusikiliza na kuuliza. Wengi humjua simba kwa noti ya shilingi 2,000 na tembo kwa noti ya shilingi 10,000. Haifai hali hiyo iachwe iendelee kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mijini sababu zake ni dhahiri. Katika sensa ya mwaka 1967 wakazi wa Dar es Salaam hawakufika 300,000. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 5,383,728. Mabonde, mashamba ya minazi na vichaka ambavyo watoto wa zamani walivitumia kutega ndege na kuchuma mabungo sasa ni nyumba, maduka na barabara. Mtoto wa mtumishi wa Serikali hutoka katika nyumba iliyozungushiwa ukuta, hupanda gari hadi shule iliyozungushiwa ukuta, na jioni hurudi kwenye televisheni na simu ya mzazi. Kwake yeye maji hutoka bombani. Hajui kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huletwa na Mto Ruvu, na kwamba vijito vinavyoulisha mto huo huanzia katika misitu ya milima ya Uluguru. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Ruvu kiliposhuka na maji yakatolewa kwa mgao jijini, watu wazima walitazama mabomba yao. Ni wachache waliogeuza macho kutazama milima.

Vijijini hali ni tofauti, lakini si lazima iwe nafuu. Huko mtoto yuko karibu na pori kila siku, ila pori kwake ni kazi au ni adui. Mtoto wa kike hulijua kwa uzito wa mzigo wa kuni kichwani. Mtoto wa kijiji kinachopakana na hifadhi humjua tembo kama mnyama aliyekula mahindi ya familia kwa usiku mmoja, au aliyemzuia njiani asubuhi alipokuwa akienda shule. Magari ya watalii humpita yakielekea langoni, yakimwachia vumbi. Mtoto huyo akiambiwa kwamba tembo ni urithi wake, ana haki ya kuuliza: urithi gani huo ambao mwenyewe hajapata kuruhusiwa kuutazama kwa utulivu?

Juu ya yote hayo ipo kasumba iliyojificha katika maneno. Mtu asiye na adabu huambiwa ametoka porini. Mwanafunzi anayeshindwa hesabu huitwa nyani. Kijana aliyeelimika hupimwa kwa umbali aliotoka nao shambani na kichakani. Maneno hayo husemwa nyumbani na, kwa bahati mbaya, hata shuleni. Mtoto huyasikia na kuyaamini. Baadaye kijana huyo huyo hupewa semina juu ya utunzaji wa mazingira, na watu hushangaa kwa nini haoni uchungu anapouona msitu ukigeuzwa mkaa.

Faida za mtoto kukaa kwenye maumbile ya asili si hadithi za wazee peke yao. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamezichunguza. Katika mji wa Guangzhou nchini China, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulihusisha shule 12. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata ugonjwa wa kutoona mbali katika shule hizo walikuwa kiasi cha asilimia 30, ambapo katika shule nyingine walikaribia asilimia 40. Dakika 40 ni muda wa kipindi kimoja tu. Jicho la mtoto linahitaji mwanga wa mchana na kutazama mbali. Vyote viwili havipatikani kwa wingi darasani wala kwenye kioo cha simu.

Huko Finland wachunguzi walichukua udongo na mimea ya msituni wakaitandika katika viwanja vya shule za chekechea vilivyokuwa vya changarawe. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walicheza humo kwa siku 28. Taarifa yao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba vijidudu vilivyo juu ya ngozi za watoto hao viliongezeka aina, na damu yao ikawa na dalili za kinga ya mwili iliyotulia vizuri zaidi. Nako Denmark, takwimu za watu zaidi ya 900,000 zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba waliokulia mahali penye uoto mchache kabisa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maradhi ya akili ukubwani, kwa baadhi ya maradhi hadi asilimia 55 zaidi, hata baada ya hali za wazazi wao kuzingatiwa.

Takwimu hizo zisichukuliwe kupita kiasi. Ule wa China ulihusu kukaa nje, si lazima msituni. Ule wa Denmark unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja, na peke yake hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Aidha, watoto wa Ulaya si watoto wa Mtwara au Kigoma. Lakini zote zinaelekeza upande mmoja, na upande huo ndio ambao mila za nchi hii zilielekeza kabla ya wachunguzi hao kuzaliwa: mtoto hakui sawasawa kati ya kuta nne.

Ushahidi wa karibu zaidi uko hapa hapa nchini. Mwalimu Julius Nyerere alichunga mbuzi wa baba yake huko Butiama kabla ya kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Hapana anayeweza kusema kwamba miaka ile ya malishoni ilimchelewesha akili. Mchunga mbuzi hujifunza kuhesabu, kukadiria mwendo wa jua, kutambua nyasi na majani yanayodhuru, na kuamua peke yake wakati hakuna mkubwa wa kumwuliza.

Mfano wa pili ni wa Jane Goodall, Mwingereza aliyefika Gombe mkoani Kigoma mwezi Julai mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 26 na bila shahada yoyote ya chuo kikuu. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichukua bua la nyasi, akilichomeka katika kichuguu na kulitoa likiwa limeshikwa na mchwa, kisha akawala. Jambo hilo liliwafanya wataalamu wa dunia wafikiri upya juu ya tofauti ya binadamu na mnyama. Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, alipenda kueleza jinsi alivyojificha katika banda la kuku saa nyingi, akiwa mtoto mdogo, ili aone yai linatoka wapi. Watu wa nyumbani walimtafuta kwa hofu. Aliporudi amejaa majani makavu nywelini, mama yake hakumchapa, bali aliketi akasikiliza habari ya kuku. Uvumilivu uliomwezesha kukaa miezi mingi akiwasubiri sokwe wa Gombe ulianza katika banda lile.

Watoto wa Kitanzania nao wana desturi ya kutega kumbikumbi mvua zinapoanza. Wanajua kichuguu kipi kitatoa na saa ngapi. Watoto wa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, hujitafutia sehemu ya chakula chao wenyewe wakiwa bado wadogo: ubuyu, matunda, mizizi na ndege. Wakikua huifuata sauti ya ndege anayewaongoza watu hadi kwenye mzinga wa asali. Huo ni ujuzi wa kutazama, kukisia, kujaribu na kusahihisha, yaani ujuzi ule ule ambao silabasi ya sayansi inautafuta. Tofauti ni kwamba darasani hauhesabiwi kuwa elimu.

Hilo ndilo jambo ambalo Mwalimu alilikemea katika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Alisema kwamba elimu iliyorithiwa ilimtenga mtoto na jamii yake, na ilimfundisha kuamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba mzee asiyejua kusoma hana la kufundisha. Shule nyingi ziliitikia kwa kulima mashamba, na hilo lilikuwa jema. Lakini jembe peke yake halikuweza kuurudisha mlango wa maarifa ya wazee. Kikongwe anayejua uyoga upi unaliwa na upi unaua katika miombo ya Tabora hakualikwa darasani, na wengi wa kizazi chake wamezikwa na ujuzi wao.

Hata kabla ya Uhuru msimamo ulikuwa umekwisha kuwekwa. Mwezi Septemba 1961, katika mkutano wa Arusha juu ya hifadhi ya maumbile, Mwalimu alitamka kwamba wanyama na makazi yao ni sehemu ya mali na maisha ya baadaye ya nchi, na akaahidi kwamba juhudi zote zitafanywa ili wajukuu waufaidi urithi huo. Wajukuu hao ndio waliomo madarasani leo. Kuufaidi urithi maana yake si kusikia tu kwamba umeleta fedha za kigeni. Maana yake ni kuujua, kuupenda na kuwa na sauti juu yake.

Jitihada hazikukosekana. Klabu za Malihai zilianzishwa mashuleni tangu miaka ya 1980. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana na Goodall jijini Dar es Salaam, na kutokana na mazungumzo yao ikaanzishwa jumuiya ya Roots & Shoots, ambayo baadaye ilienea katika nchi nyingi duniani. Jambo lililozaliwa hapa limepokelewa ugenini, lakini kwenye shule nyingi nchini bado safari ya msituni inahesabiwa kuwa anasa ya shule zenye mabasi.

Wapo watakaosema kwamba haiwezekani. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 katika darasa moja atauliza awapeleke vipi. Mwalimu mkuu atauliza fedha zitoke wapi. Mzazi atauliza juu ya nyoka. Ofisa elimu atauliza juu ya mtihani wa darasa la saba. Maswali hayo ni ya haki na yanastahili majibu, si kebehi.

Kwanza, pori linalotakiwa si lazima liwe Serengeti. Mtoto wa Dar es Salaam ana msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, karibu na shule ambako Mwalimu mwenyewe alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955. Anayo mikoko ya Kunduchi na Mbweni, ambako mizizi huchomoza juu ya tope ili kuvuta hewa, na ambako samaki wengi na kamba hukulia kabla ya kwenda baharini. Mtoto wa Morogoro ana Uluguru, milima yenye mimea na ndege wasiopatikana kwingine duniani. Mtoto wa Muheza ana msitu wa Amani katika milima ya Usambara, ambayo ndiyo asili ya ua dogo la zambarau lililochukuliwa na Wajerumani miaka ya 1890 na ambalo sasa hupamba madirisha ya nyumba za Ulaya. Ni aibu iwapo bibi wa Berlin analifahamu ua hilo kuliko mwanafunzi anayeishi chini ya mlima lilikotoka. Mtoto wa Unguja ana Jozani na kima punju wake, ambaye asili yake ni kisiwa hicho peke yake. Pasipo na msitu kuna bonde, mlima wa mawe, ufuko wa ziwa, au hata mkuyu mmoja mkubwa ambao ndege, nyuki na mijusi wameufanya mji wao.

Pili, kuhusu wingi wa wanafunzi, darasa linaweza kugawanywa. Kundi moja likienda leo na mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mzee mmoja wa kijiji, jingine litakwenda wiki ijayo. Siku moja kwa kila muhula si nyingi kiasi cha kuharibu ratiba.

Tatu, hatari zipo, na mwalimu asiyezifikiri hastahili kukabidhiwa watoto wa watu. Wanafunzi wahesabiwe wanapoondoka, wanapofika na wanapogeuza. Wavae viatu, wasiingize mikono mashimoni wala kugusa wasichokijua. Wasioge wala kuchezea maji ya madimbwi na ziwa, kwani ndiko kichocho kilipo, na ndiko watoto wanakozama. Penye wanyama wakali waende na askari wa wanyamapori tu. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo, na mzazi atoe idhini. Lakini mtoto aliyefundishwa kumwona nyoka kabla ya kumkanyaga yuko salama kuliko yule aliyefichwa nyumbani, kwa sababu siku moja atatoka tu, na atatoka bila mwalimu.

Nne, kuhusu mtihani: mwanafunzi aliyekwisha kumwona buibui akimfunga nzi katika utando, kisha kenge akimfuata chura, hahitaji kukaririshwa mnyororo wa chakula. Aliyeona maji ya mvua yakishuka meupe kwenye msitu na mekundu kwenye mteremko uliofyekwa amekwisha kuielewa mmomonyoko wa udongo kwa maisha yake yote. Hata somo la Kiswahili hufaidika. Siku hizi kila kilicho na majani huitwa mti tu. Mninga, mvule, mkwaju, mpingo na msufi vinageuka kuwa maneno ya kamusi, na mtu hawezi kukililia kitu asichokijua jina.

Kutokana na hayo, wajibu wa kila mmoja uko wazi. Walimu wakuu waiingize siku ya maumbile katika kalenda ya shule kama wanavyoingiza siku ya michezo, na mwanafunzi asipelekwe huko kufyeka wala kukata kuni, bali kutazama na kuandika alichokiona. Mabwana misitu na maofisa wanyamapori wahesabu kwamba kuwapokea watoto ni sehemu ya kazi ya ulinzi, si usumbufu. Barua ya mwalimu anayeomba kuingiza wanafunzi katika msitu wa umma haifai kuzungushwa mezani wiki sita. Huo ni umangimeza, na watoto hukua haraka kuliko mafaili. Halmashauri za miji na wilaya zilinde viwanja vya wazi na mabonde yaliyobaki, maana kila kiwanja kinachogawiwa kinyemela humnyang'anya mtoto wa maskini, asiye na bustani kwao, mahali pa kukulia. Wenye mamlaka juu ya hifadhi wawape watoto wa vijiji vya mpakani nafasi ya kwanza, ili kabla ya kuombwa wamsamehe tembo, wawe wamekwisha kumwona akimnyonyesha mtoto wake.

Wazazi nao, hasa watumishi wenye likizo na nauli, wana sehemu yao. Likizo ya Desemba kwa bibi na babu ni shule isiyo na karo. Mtoto apelekwe, aachwe achafuke, apande mwembe na aulize maswali yasiyo na majibu ya haraka. Simu ibaki na mkubwa.

Miaka 30 ijayo, uamuzi juu ya misitu ya Uluguru, mikoko ya pwani na mapori ya kusini utakuwa mikononi mwa hawa wanaosoma darasa la tatu leo. Baadhi yao watakuwa wakuu wa wilaya, baadhi wakata mkaa, na wengi watakuwa wapiga kura wa kawaida. Hakuna sheria itakayowafanya walinde kitu ambacho kwao ni neno tu la kwenye ubao. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Udongo huo uko darasani sasa, na msitu hauko mbali.